Makaburi Mawili ya Babu

Mdogo wangu Saada ana miaka sita na rekodi ya uongo ya mtu wa sitini. Mwaka jana aliwatangazia watoto wa jirani kwamba baba yetu ni rubani. Baba yetu ni fundi cherehani pale sokoni Nachingwea. Kitu pekee alichowahi kurusha ni kandambili, na alikuwa ananilenga mimi.

Kwa hiyo siku ya msiba wa Bibi, Saada alipokuja mbio mpaka kwenye shimo tulilokuwa tunachimba na kusema, "Babu hayupo hapo," sikuinua hata kichwa.

"Yuko wapi? Kaenda sokoni?"

"Yuko kule, kaka." Akaonyesha kwa mdomo, nyuma ya mikorosho ya Baba Mdogo Mustafa.

Ngoja niwaweke sawa kwanza. Bibi yetu, Bi Sabaha, alifariki Jumatano alfajiri huko Nkowe, upande wa Ruangwa, kwenye shamba alilozalia watoto wake wote. Simu ilipotufikia Nachingwea, Baba alikodi kigari cha mizigo, kirikuu, Mama akakaa mbele na mtoto mchanga, sisi wengine tukarushwarushwa nyuma pamoja na sufuria za kukopa. Saa tatu asubuhi tulikuwa Nkowe. Saada tulimkuta hukohuko. Alikuwa anaishi na Bibi tangu ana miaka mitatu, ndiyo maana Kimwera anakiongea kama mzee wa baraza na Kiswahili anakiongea kama anakikodi.

Bibi alikuwa ameacha wosia mmoja tu. Hakusema neno kuhusu nyumba wala pilau ya khitma. Alisema: nizikeni ubavuni kwa mume wangu. Kila aliyekwenda kumjulia hali aliambiwa hilohilo, mpaka kijana wa bodaboda aliyempeleka zahanati aliambiwa, na akaapa.

Sisi hilo hatukuliona zito. Kaburi la Babu tulikuwa tunalijua vizuri. Kila Shaabani, kabla ya Ramadhani, Baba alitukusanya, tukaenda Nkowe, tukafyeka, tukafagia. Baba akavua viatu, akasoma Yasini kwa ile sauti yake ya kutaka kulia, sisi tukaitikia amina. Halikuwa na jiwe wala maandishi, ni tuta la udongo tu mahali palipo wazi kati ya mikorosho. Nimelifagia tangu nina urefu wa ufagio.

Shaabani iliyopita kulitokea kitu kimoja. Katikati ya dua Saada alicheka. Nilimfinya. Bibi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akamziba mdomo kwa kiganja, na nikaona na yeye mabega yanamtikisika. Nikajua analia. Mjane, kaburi la mumewe, lazima alie.

Sasa nikiwa na sululu mkononi, jasho linaingia machoni, nilianza kuyatilia shaka yale mabega.

"Nani kakwambia Babu hayupo hapa?" Baba aliuliza. Alikuwa amesimama juu ya shimo na kanzu kaikunja kiunoni.

"Bibi."

"Bibi si amefariki?"

"Aliniambia kabla hajafa," Saada akasema, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Hapo ndipo Baba alipogeuka akamtazama Baba Mdogo Mustafa. Na Baba Mdogo Mustafa, kumbe, alishageuka zamani anamtazama Baba.

Kuna jambo hapa. Shamba lile lina pande mbili. Upande wa nyumbani unasimamiwa na Baba kwa sababu ndiye mkubwa. Upande wa pili, kule Saada alikoonyesha, analima Mustafa. Hawajawahi kugombana kwa mdomo. Wanagombana kwa kukohoa. Mmoja akisema "shamba letu", mwingine anakohoa. Akisema "shamba langu", wote wanakohoa. Na kwetu, pale walipolala wazazi ndipo nyumbani. Mwenye makaburi ndiye anayebishiwa hodi.

Baba Mdogo alinivuta pembeni akajifanya ananionyesha pa kutupia udongo.

"Fahadi, wewe umesoma. Baba yako kampanga huyu mtoto."

"Kumpanga vipi?"

"Anataka mama azikwe kwangu. Akishazikwa kwangu, kesho atasema na huku ni kwa familia, na kila Shaabani atapita na watu katikati ya korosho zangu. Fundi huyo. Anakupima mguu wakati ana shida na kiuno."

Sijakaa sawa, Baba akaniita upande wa pili.

"Baba yako mdogo kampa nini Saada?"

"Sijui, Baba."

"Anataka wazee wote walale upande wake. Sisi tuje kuzuru wazazi wetu kwa kuomba ruhusa. Mtoto wa miaka sita hawezi kutunga kitu kama hiki."

Nilitaka kumkumbusha habari ya rubani, nikaona siyo siku yake.

Nikaenda kufanya uchunguzi wangu. Saada alikuwa amechuchumaa kwenye majani makavu, katikati ya mabibo yaliyoanguka, nzi wanamzunguka kama shahidi mkuu.

"Fungua mdomo."

Akafungua. Ulimi mwekundu.

"Pipi kakupa nani?"

"Baba Mdogo."

"Ahaa! Na hiyo biskuti mkononi?"

"Baba."

Nilikuwa nimekamata wahalifu wawili wa kosa moja, kila mmoja akiwa na sababu inayompinga mwenzake.

"Saada, niangalie. Ni uongo wako au kweli?"

"Kaka, uongo wangu huwa mzuri," akasema. "Huu siyo mzuri."

Hilo lilinigusa kidogo. Ni kweli, uongo wa Saada huwa una ndege na simba. Huu ulikuwa na mahali tu.

Akaitwa Mzee Abdalah, mtu pekee aliye hai kati ya waliomzika Babu. Babu alifariki masika moja, mimi sijazaliwa, Baba Mdogo Mustafa bado ananyonya. Baba alikuwa kijana Nachingwea anajifunza kushona, barabara ikakatika kwa mvua, akafika Nkowe siku ya nne. Babu alishazikwa siku ileile aliyofariki, kama inavyotakiwa. Ni Mzee Abdalah aliyemwonyesha Baba kaburi, akiwa barazani, kwa kidole.

"Mzee, unakumbuka mlimlaza wapi baba?" Baba akamuuliza kwa sauti ya juu, maana mzee masikio yake yanachagua.

Mzee Abdalah alizungusha macho shamba zima. "Nimechimba makaburi mengi kuliko mashimo ya mihogo, mwanangu. Baba yako tulimlaza karibu na mkorosho."

Shamba lile lina mikorosho inayopita mia mbili.

"Si ulinionyesha hapa? Ulisema pale penye udongo mpya!"

"Kama nilisema hapa, basi ni hapa. Lakini nilikuonyesha nikiwa nimekaa. Magoti yalikuwa yananiuma."

Shehe Imrani akaangalia saa yake, akakumbusha kwamba maiti ameshaoshwa na ataswaliwa baada ya Alasiri. Akasema tuchimbe, shaka ni ya shetani. Baba akanipa ishara. Nikarudi shimoni na vijana wawili wa pale kijijini, tukaendelea.

Sululu ikagonga kitu. Siyo jiwe. Nikagonga tena, ikanasa. Tulipoondoa udongo ukatokea mzizi mnene kama paja langu, umetokea ubavuni, upande uleule wa tuta la Babu.

"Ndiyo hicho kisiki," Saada akasema juu yetu. Sijui alirudi saa ngapi. "Bibi alisema walikata mkorosho wapate kuni za kuwapikia watu waliokuja kumlilia Babu. Wakachimba na mizizi. Kisiki wakakifukia."

Mzee Abdalah akafungua mdomo taratibu. "Kuni… eeh. Mvua ilikuwa nyingi, kuni zote zimelowa. Tuliangusha mkorosho mkavu."

"Mzee!" Baba akamkata. "Hukukumbuka mpaka mtoto amekumbuka?"

"Mimi nasema kuni tu. Sijasema kaburi."

"Mizizi iko shamba zima," Baba akatwambia. "Mikorosho haiombi ruhusa ya kupita. Chimbeni!" Kisha akamgeukia Saada na uso ambao mimi naujua, ule wa kandambili. "Na wewe nenda kwa mama yako. Leo siyo siku ya kuchezea. Bibi yako anasubiri kuzikwa."

"Mnamzika na kisiki!" Saada akapiga kelele, sauti ikavunjika katikati. "Yeye alisema na Babu! Aliniambia mimi, Saada usikubali!"

Akaanza kulia, lakini siyo ule wa kutaka kubembelezwa. Alilia kimya, mabega tu. Nilijisikia vibaya, nikachimba kwa nguvu zaidi, maana mtu mwenye sululu anayo njia ya kujificha.

Ndipo tukasikia vurugu njiani. Mzee Saturnini amefika kutoka Chiola.

Saturnini ni mtani wa ukoo wetu tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana kazi yake. Wakati wengine wanalia, yeye anatukana. Alishuka kwenye bodaboda amejifunga kitenge cha kike, sufuria kichwani, anamlilia Bibi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika yote: kwamba amekufa na deni la kuku saba aliowakopa kwake, kwamba mke wake Saturnini asingekuwa anamchunga angemwoa Bibi mwenyewe. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia unatozwa, na wazee wote watakuwa upande wake.

Alifika kwenye shimo, akatutazama, akashuka ndani, akalala chali.

"Palaini," akasema. "Hapa palinifaa mimi. Nipeni jogoo nitoke."

"Mzee, tunakimbizana na Alasiri," Baba akajaribu.

"Weye fundi suruali, mama yako anazikwa mara moja tu, unamkimbizia wapi? Kuna mteja anasubiri zipu?" Kisha akamwona Saada amesimama na makamasi yake. "Na huyu kafinywa na nani?"

Saada akamweleza. Alimweleza kwa Kimwera, haraka haraka, mikono ikipanda na kushuka. Sisi tulisubiri. Saturnini alisikiliza akiwa amelala vilevile, mikono kifuani, sufuria tumboni. Alipomaliza, mzee akaugonga ule mzizi kwa kisigino mara tatu.

"Hodi! Bwana harusi, upo?"

Vijana wakacheka. Baba hakucheka.

"Haya sikilizeni," Saturnini akapaza sauti hadi kule wanawake walikokuwa. "Mimi jogoo sitaki tena. Nimesikia hapa dada yangu anaozeshwa kisiki na mimi mtani sijaambiwa! Sitoki humu mpaka nionyeshwe mume wake. Zikeni na mimi kama mnataka, lakini nakoroma."

Na kweli akafumba macho. Baba akamtazama Mustafa. Mustafa akamtazama Baba. Hakuna aliyeweza kumvuta mtani kutoka kaburini, na kila mmoja aliona hiyo ni kazi ya mwenzake.

"Kaka, huyu naye umempigia simu wewe?" Mustafa akauliza.

"Nimpigie mimi kwa faida gani?"

"Basi twendeni tukaone!" Shehe Imrani akasema, amechoka na wote. "Mtoto aonyeshe, tukute hakuna kitu, turudi."

Saada akatangulia. Nyuma yake Baba, na Mustafa ubavuni kwake, wakitembea bega kwa bega kama polisi wawili wanaokamatana. Tulipita nyuma ya mikorosho ya Baba Mdogo mpaka chini ya mkorosho mmoja mzee, matawi yake yamelala chini kabisa, inabidi uiname kuingia. Ndani palikuwa pamefagiwa. Majani machache tu, ya wiki mbili hivi alizolala Bibi kitandani.

"Pamefagiwa," nikasema.

"Msimu wa korosho huu," Baba akajibu. "Kila mtu anafagia chini ya mkorosho korosho zionekane zikianguka."

"Mimi huku sijafagia mwaka huu," Mustafa akasema. "Mkorosho huu hauzai. Mama alinikataza hata kuukata."

"Basi umefagia leo."

"Leo? Nimekuja hapa leo nikiwa na ufagio?"

"Mimi sijui ulikuja na nini."

Saada hakuwasikiliza. Alikuwa anatembea kwa uangalifu pembeni, hakanyagi katikati. "Hapa ni miguu," akasema. Akasogea. "Hapa ni kichwa. Kuna pedeli."

"Kuna nini?"

"Pedeli ya baiskeli ya Babu. Bibi aliweka ili asipotee. Alisema Babu hapendi kutembea kwa miguu."

Akapiga magoti, akapukusa majani kwa viganja. Kweli, kulikuwa na kitu. Chuma chenye kutu, mkono wa pedeli, kimesimama wima ardhini, na juu yake pedeli. Lakini haikuwa pedeli ya dukani. Ilikuwa ya mti, imechongwa, nyeusi kwa umri, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, kama imechongwa na mtu aliyeanza vizuri kisha akachoka.

Baba alichuchumaa. Hakuigusa.

"Mninga," akasema.

Mustafa alikuwa bado na yake. "Mtu anaweza kuja kuichomeka tu." Akaishika, akavuta. Haikutikisika. Akafukua kidogo kwa vidole, na sote tukaona: mzizi wa mkorosho ulikuwa umepita ndani ya tundu la kile chuma na kuvimba pande zote mbili, umekikumbatia. Mzizi ule haukuwa wa jana. Ulianza kukua kabla Mustafa hajaota ndevu.

Mustafa akaachia mkono. Akapangusa udongo kwenye suruali, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama nje ya pale palipofagiwa.

"Niliichonga mimi," Baba akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Nilikuwa darasa la tano. Mpira wa pedeli uliisha, hakukuwa na pedeli hapa Nkowe wala Ruangwa mjini. Nikamchongea. Akaniambia mbaya, inamteleza. Akaipanda hivyohivyo mpaka…"

Mzee Abdalah, aliyefika akihema, akaiangalia ile pedeli, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu baada ya mtihani, "Ndiyo. Ni hapa. Ule udongo mwingine ulikuwa wa kuni."

Shehe Imrani akavuta pumzi, akapima kwa macho upande wa kibla, akauliza nani ana jembe.

Tulichimba pale, ubavuni kwa Babu, upande wa kushoto, kwa adabu ya ajabu. Udongo ulikuwa laini. Mustafa mwenyewe aliingia shimoni, akakata mizizi ya mkorosho wake bila kukohoa. Baba alichukua beleshi na yeye. Walipokuwa wote wawili ndani, vichwa tu vinaonekana, nilimsikia Mustafa akisema, "Kaka, mimi kweli nilidhani umempanga." Na Baba akajibu, "Mimi nilidhani ni wewe. Ile pipi." "Ile pipi nilimpa maana alikuwa analia. Na ile biskuti?" "Alikuwa na njaa."

Saturnini tulimtoa kule kwa jogoo. Alisema anajua tumemsahau makusudi.

Bibi aliswaliwa baada ya Alasiri, akazikwa. Watu wakatawanyika kuelekea nyumbani kwenye uji. Mimi nilibaki nakusanya majembe. Baba alikuwa amekaa chini kwenye majani, kanzu yake ya Idi yote udongo, na Saada kasimama mbele yake, urefu wao umelingana.

"Miaka yote ile," Baba akasema. "Mama ananiona nasomea kisiki. Mbona hakuniambia?"

Saada akajikuna mguu kwa mguu. "Nilimuuliza. Akasema, mwache. Anakuja na gari linamsubiri. Siku akiniuliza nitamwambia."

"Nimuulize nini?"

"Babu yuko wapi."

Baba akaanza kupukuta udongo kwenye kanzu. Nilitaka nikohoe, niwajulishe nipo, nikaona kukohoa kwenye ukoo wetu kuna historia mbaya.

"Ile dua ilifika?" Saada akauliza. "Ya kwenye kisiki?"

"Shehe anasema imefika. Dua haina haja ya kuonyeshwa njia."

"Bibi naye alisema hivyohivyo. Lakini alicheka."

Baba akacheka pia, au kitu kinachofanana na kucheka. Akapangusa uso kwa mkono wenye udongo, akauharibu zaidi. Kule njiani dereva wa kirikuu alipiga honi mara mbili. Baba hakugeuka.

"Saada," akasema, "Bibi alikuambia nini kingine?"

Mdogo wangu alimwangalia. Alimwangalia Baba, akaliangalia gari, akamwangalia Baba tena, kwa jicho lile ambalo sisi wote tulikuwa tumemtazama nalo kutwa nzima.

"Unauliza kweli," akasema, "au unauliza tu?"